Konrodi za Kupandia Marangu

Kaka yangu alizipanga konrodi nne juu ya gunia, kwenye meza ya gereji yetu hapa Njoro, Moshi, akazigeuza zote zitazame upande mmoja. Zilikuwa za aluminiamu, nyeupe kama sufuria jipya, na nene kuliko zile za chuma tulizozoea. Akaniambia nishike moja. Nilipoinyanyua nikacheka bila kutaka, maana mkono ulikuwa umejiandaa kwa uzito ambao haukuja.

"Umeona?" akasema. "Hii ndiyo inapanda Marangu."

Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Ugali alikuwa ameshaacha, na nyama aliiacha kabla ya ugali. Ilianza kama mchezo tu: tonge linakwama, anakunywa maji, linashuka, anatania kwamba bomba limejaa kutu. Baadaye maji nayo yakawa yanasubiri. Hospitalini walipitisha kamera wakakuta saratani kwenye koo la chakula, na daktari hakumzungusha. Alimwambia kwamba kimrija watakachomwekea ni cha kupitisha uji na maziwa, na kwamba dawa ni za kumpunguzia maumivu. Kupona hakukutajwa. Alipotoka pale hakwenda nyumbani. Alikuja gereji, akavuta turubai kutoka kwenye gari lake, akaniambia anataka Krismasi ile apande kwa Mama, Marangu, akiliendesha mwenyewe, na afike kabla nyama haijakatwa.

Mtu asiyetoka huku anaweza kuona hilo ni jambo dogo, kwa hiyo nieleze taratibu. Mwezi wa kumi na mbili Wachagga hurudi nyumbani. Wanatoka Dar, Mwanza, Dodoma, na magari yao yamejaa watoto, mchele na makreti ya soda. Barabara inayoanza Himo kwenda Marangu inapanda bila kupumzika, na gari lililokimbia tangu alfajiri kwenye tambarare, kiyoyozi kimewashwa, linafika pale likiwa limechoka. Linachemka. Basi mwenye gari anapiga simu Moshi, na fundi anatoka mjini na mfuko wa spana. Ndivyo zilivyokuwa Krismasi zetu mimi na kaka: tumeinama chini ya bonneti za watu pembezoni mwa barabara, huku mbuzi wa nyumbani anachinjwa hatupo.

Mbuzi huyo hagawanywi ovyo. Kila mtu ana sehemu yake kufuatana na alivyozaliwa, na kaka, mtoto wa kwanza wa kiume, ana yake. Mama alikuwa akimwekea. Miaka yote aliikuta imefunikwa kwa sahani, mafuta yameganda, na aliila amesimama jikoni kwa sababu ovaroli lake halikufaa kukalia kochi. Hakuwahi kulalamika. Lakini siku ile ya turubai nilijua kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa ameona alichokosa.

Gari lenyewe lilikuwa saluni ya Kijapani, silinda nne, yenye turbo ya kuisukumia injini hewa zaidi. Alilipata injini ikiwa imekufa, akaliweka juu ya mawe, na kila alipotaka kulianza, gari la mteja liliingia. Likakaa mpaka kuku wa jirani wakalizoea. Mama aliwahi kushuka mjini kuja kliniki ya macho akapita kutusalimia. Alilizunguka polepole na fimbo yake.

"Hili nalo ni gari au banda?"

"Ni gari, Mama," kaka akajibu.

"Mbona lina mayai?"

Yalikuwa mawili, kwenye kiti cha dereva. Mama aliyachukua akaenda nayo Marangu.

Sasa kuhusu konrodi. Huu ni mkono wa chuma ndani ya injini. Juu umeshika pistoni, chini umeshika krenki, na kazi yake ni kugeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko unaofika kwenye magurudumu. Injini ikitoka kiwandani, mkono huo umepimwa kwa nguvu ya kawaida. Ukiongeza pumzi ya turbo na kuiachia injini izunguke kwa kasi zaidi, umeongeza mzigo juu ya mkono ule ule, na siku unapokatika hautoki peke yake. Unatoboa bloku na kutokea nje, oili inamwagika barabarani, na injini haina tena cha kuokoa. Kwa hiyo anayetaka injini kali ya kuendea barabarani kila siku huulizwa kwanza: konrodi utaweka za nini?

Wengi hudhani kinachoivunja ni mlipuko wa mafuta juu ya pistoni. Mlipuko unaisukuma, ni kweli, na chuma hustahimili sana kusukumwa. Kinachoiua ni kuvutwa. Pistoni inaruka juu kwa kasi, inafika mwisho, inataka kuendelea, na konrodi ndiyo inayoikamata na kuirudisha chini. Ukizidisha mizunguko mara mbili, mvuto huo unazidi mara nne. Na unakuwa mbaya zaidi pale dereva anapoachia mafuta, yaani anapoondoa mguu, injini ikiwa bado inazunguka kwa kasi, kwa sababu hakuna mlipuko wala mgandamizo wa maana wa kuipunguza pistoni mwendo. Mkono umebaki peke yake.

Hapo ndipo mlima wetu unapoingia. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la kahawa, na alitufundisha kushuka na gia ile ile tuliyopandia. Kila mtu wa huku ameambiwa hivyo, na ni sahihi, kwa kuwa anayeshuka kwa breki peke yake humalizia kwenye migomba ya watu. Lakini kushuka na gia ndogo maana yake ni injini kulia juu, mguu hauko kwenye mafuta, kilomita baada ya kilomita. Kwenye tambarare dereva anaachia mafuta kidogo anapokata kona. Sisi tunaachia kutoka Marangu mpaka Himo.

Nilimwambia kaka hayo huku nimeshika ile konrodi ya aluminiamu.

"Kupanda itapanda," nikasema. "Tatizo ni kushuka."

"Mimi nimesema nataka kupanda."

"Zilikuwa kwenye gari la mashindano?"

"La mashindano. Jamaa wa upande wa pili wa mpaka, Holili. Alizitoa zikiwa nzima."

"Alizitoa kwa nini?"

Jibu tulilijua wote wawili. Aluminiamu inachoka. Chuma kizuri kikibebeshwa mzigo usiozidi uwezo wake kinaweza kuubeba miaka na miaka. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mzunguko unakula kidogo, hata mzunguko mwepesi, na ukimalizika umemalizika. Ndiyo maana watu wa mashindano huzitoa mapema na kuweka nyingine. Wao wanataka wepesi, maana pistoni na mkono vikiwa vyepesi injini inaruka haraka. Kisha kuna joto: aluminiamu inatanuka kuliko chuma, hivyo lazima uiachie nafasi, na asubuhi ya baridi ya Marangu injini itagonga mpaka ipate moto. Hizi zilikuwa zimeshatumika, na hakuna anayeweza kutazama aluminiamu akajua imebakiza kiasi gani.

"Zinakufa mapema," nikasema. Mdomo ulitangulia.

Kaka aliichukua konrodi mkononi mwangu, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye mstari.

"Basi tutakwenda sawa," akasema.

Nilikuwa na gia boksi ya kufungua, nikaifungua.

Ana binti mmoja, mtu mzima, anaoka keki za harusi na za kuzaliwa huko Pasua. Mama yake alishaondoka zamani, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akimchujia baba yake mtori, ile supu nzito ya ndizi. Aliusaga, akauchuja, akausaga tena, akautia kwenye chupa ya chai, akaja nao gereji mchana. Siku ile alifika akatukuta tumekaa kila mtu kivyake.

"Shikamoo baba mdogo. Mmegombana?"

"Marahaba. Hatujagombana. Tunachagua konrodi."

"Baba, umekunywa uji?"

"Nitakunywa. Lete kwanza ile mizani yako ya keki."

"Ya nini?"

"Nipime hizi. Lazima ziwe na uzito mmoja, la sivyo injini itatikisika."

"Mizani yangu ikinuka oili wateja watadhani nimeweka dizeli kwenye keki."

"Waambie ni keki ya turbo."

Alicheka, akakaa kwenye ndoo, akataka kuelezwa. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, nikitumia mfano wa mgomba. Nilichukua gome kavu la mgomba lililofungia mkungu, nikampa alivute kwa urefu. Halikukatika. Nikamwambia, chuma kilichofuliwa, yaani kilichopigwa kikiwa cha moto mpaka kikachukua umbo, nyuzi zake zimelala kwa urefu kama za gome hili. Chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kama huo mtori. Una umbo la chupa, lakini ndani hauna uzi.

"Na aluminiamu?"

"Hizi nazo zina nyuzi. Ila ni nyuzi za msimu mmoja."

"Hakuna nyingine?"

"Kuna titani. Nyepesi na ina nguvu. Lakini ikisuguana na chuma inang'ang'ania na kujichubua, na ina masharti mengi. Hiyo waachie wanaobadilisha injini kama soksi."

Alilitazama gari. Halafu akamgeukia baba yake, na kama daktari, naye hakumzungusha.

"Baada ya Krismasi hili gari linabaki na nani?"

Kaka alikuwa anakunywa mtori kwa vijiko vidogo, akimeza kila kimoja kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Aliweka kijiko.

"Na wewe."

"Basi nifungie za kuishi."

Zile za aluminiamu zilirudi kwenye gunia. Hakuzitaja tena mbele yangu.

Tuliagiza za chuma kilichofuliwa. Zilichelewa, na wakati zinachelewa kaka alikonda mpaka mkanda wa saa ukawa unazunguka mkononi. Kisanduku kilipofika kilikuwa kizuri, sponji ndani, kila moja kwenye mfuko wake. Kaka aliifungua ya kwanza, akaipeleka juani mlangoni, akaitazama muda mrefu. Nilidhani amefurahi.

"Njoo," akaniita.

Konrodi iliyofuliwa ina alama ya kuzaliwa. Chuma cha moto kinapobanwa kati ya vipande viwili vya kalibu, kinachozidi hutokea pembeni na kukatwa, kikaacha ukanda mpana ubavuni. Iliyosubiwa huacha mstari mwembamba kama uzi, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Hizi zilikuwa zimesagwa kwa jiwe kila mahali ambapo jiwe linafika. Lakini ndani kabisa, pale mkono unapokutana na tundu kubwa la chini, jiwe halikufika. Uzi ulikuwepo. Tukatazama ya pili, ya tatu, ya nne.

Nilianza kutukana, na nilitukana vya kutosha. Kaka aliirudisha kila moja kwenye mfuko wake.

"Wamejitahidi sana," akasema. "Wangetumia jitihada hiyo hiyo kuzifua."

Hakukuwa na muda wa kuagiza nyingine. Wakati huo alikuwa akija gereji siku moja na kupumzika mbili. Kulikuwa na njia moja, na niliogopa kuitaja kwa sababu ilikuwa inaua kile alichokiota. Aliitaja yeye.

"Zile za kiwandani ziko wapi? Za injini ya zamani ya aina hii, iliyoozea kule nyuma."

"Zipo."

"Zile zimefuliwa. Kusubu walianza kwenye injini za baadaye."

"Zimefuliwa, lakini hazitabeba pumzi uliyokuwa unaitaka."

"Basi tupunguze pumzi."

Mtu anaweza kuisoma sentensi hiyo akaipita. Mimi nilikuwa nimemsikia, tangu anakula nyama, akielezea injini ile: itavuta vipi kwenye kona ya mwisho kabla ya sokoni, itapiga filimbi vipi ukibadilisha gia. Alijua kila kilo ya msukumo. Alipoketi akaziondoa moja baada ya nyingine, nilimwacha aziondoe mwenyewe.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo ningependa kila anayejenga injini ya barabarani aishike. Usianze na konrodi, anza na safari. Jiulize gari litabeba nani, litapita wapi, litarudi na nani. Ukishajua, chuma kinajichagua. Ukianza na chuma kinachong'aa, utaishia kutafuta safari ya kukitetea.

Kazi iliyobaki alifanya kaka karibu yote, ameketi. Alizisugua zile konrodi kwa msasa, kwanza mkali, kisha mlaini, akifuata urefu na wala si upana. Mkwaruzo wa kukatiza, hata ule wa ukucha, ndipo ufa unapoanzia. Aliondoa ukanda wa ubavuni mpaka ukaisha, akazungusha kona zote zikawa kama za sabuni iliyotumika. Siku alizoshindwa kuja nilimpelekea nyumbani, akasugua kitandani, taulo mapajani. Tulizipulizia dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, tukafuta, tukapulizia ungaunga mweupe, tukasubiri kama wekundu utachungulia popote. Kwenye tatu haukuchungulia. Ya nne ilionyesha kistari chekundu karibu na tundu la bolti, kifupi kuliko kope. Ikabidi nitafute injini nyingine iliyokufa Pasua, niifungue nzima kwa ajili ya mkono mmoja.

Mizani ya keki ilikuja. Tulisaga nyingine mpaka zikalingana na nyepesi kuliko zote. Bolti tuliweka mpya, kwa sababu bolti ya konrodi ni springi. Ukiikaza inatanuka kidogo, na kule kutanuka ndiko kunakoshika. Iliyokwisha kutanuka zamani haishiki vizuri tena. Kaka hakuwa na nguvu ya kuvuta spana. Binti yake alivuta, amefunga kanga juu ya jinzi, baba yake akiwa amemwekea vidole juu ya mkono.

"Taratibu. Usishtue. Vuta kama unafungua mlango mtoto amelala."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Ongeza. Ongeza. Hapo. Toa mkono."

"Umejuaje?"

"Nimezoea. Sasa pima, usiniamini."

Alipima. Bolti bado ilihitaji kidogo. Kaka alicheka kicheko cha kukohoa mpaka tukamshika.

Injini iliwaka wiki ya mvua za vuli. Haikupiga filimbi. Ilinguruma chini chini, na kaka alikaa kwenye kiti cha dereva, kile cha mayai, bila kwenda popote, mpaka mafuta yakakaribia kwisha.

Siku ya Krismasi tuliondoka asubuhi. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo binti yake alilipiga pasi na kulipunguza kwa pini mgongoni. Mimi mbele, binti nyuma, keki mapajani. Hakuendesha kwa kasi. Himo tulipinda, barabara ikaanza kuinuka, akashusha gia, gari likapanda bila kulalamika. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo, lakini alikuwa anatabasamu.

Karibu na nusu ya njia tulilikuta. Gari kubwa jeusi limesimama pembeni, bonneti wazi, mvuke unatoka, watoto wamekaa kwenye majani na nguo zao za Krismasi. Baba yao aliona sura ya kaka kupitia kioo akainua mikono yote miwili. Tulimjua. Tulishawahi kumtengenezea pale pale.

"Fundi! Fundi! Mangi, ni Mungu amekuleta!"

Kaka alipunguza mwendo. Mguu wake ulikuwa juu ya klachi.

"Nikisimama nitashuka," akasema kwa sauti ndogo. "Nikishuka nitainama. Nikiinama sitanyanyuka tena leo."

"Nishushe mimi," nikamwambia.

"Nguo zako."

"Nishushe."

Alisimama kwa muda wa kufungua mlango tu. Binti alinipa taulo la keki. Niliwasikia wakiondoka, gia ya pili, kisha ya tatu, mpaka kona ikawameza. Ilikuwa klampu ya bomba la maji, imelegea. Kazi ndogo. Lakini injini lazima ipoe kabla hujafungua kifuniko, na mtu aliyezoea ofisi hapendi kuambiwa asubiri.

"Kaka yako leo ana haraka gani?" akaniuliza.

"Anawahi nyama," nikasema.

Alicheka. Nilimwacha acheke.

Walinifikisha nyumbani na gari lao. Wageni walikuwa wameshakula, wanaume wako nje na pombe ya mbege, watoto wanakimbizana kwenye kahawa. Binti alinipokea mlangoni akanieleza haraka, macho chini. Walifika kabla nyama haijakatwa. Baba yake aliingia kwa miguu yake, akampa Mama shikamoo, akakaa kwenye kochi na shati lake jeupe. Nyama ikaletwa ya moto. Alitia kipande mdomoni akakitafuna muda mrefu, muda mrefu kabisa, kisha akatoa kitambaa mfukoni. Mama aliona. Mama alitoka kwenda kuwapa ng'ombe majani, na ng'ombe walishapewa.

Nilimkuta kaka peke yake sebuleni. Sahani ilikuwa mapajani mwake na hakutaka mtu aiondoe.

"Njoo ukae."

"Mimi ni mchafu, kaka. Angalia mikono."

"Kaa."

Nikakaa kwenye kochi la Mama na oili yangu. Akaniwekea sahani.

"Nimeishika ikiwa ya moto," akasema. "Sasa kula."

Mafuta yalikuwa yameganda. Nilikula. Alinitazama mdomo kama mtu anayesikiliza injini.

"Ina chumvi?"

"Inayo."

"Laini?"

"Laini sana."

"Ile ya karibu na mfupa?"

"Hiyo ndiyo tamu zaidi."

Aliitikia kwa kichwa kila mara, na hakuniruhusu nibakize. Mama aliporudi alisimama mlangoni, akaona kochi lake, akaona nguo zangu za oili, akapita kwenda jikoni.

Tulishuka kesho yake. Kaka hakuweza tena kukanyaga klachi, akakaa mbele kushoto, kichwa kimeegemea mlango. Binti aliendesha. Aliweka gia ya pili tangu getini, na gari likaanza kuvuta kwa ile sauti ya juu ambayo kila mtu wa mlimani anaijua.

"Usiguse breki," kaka akasema.

"Sigusi, Baba."

"Iache ivute."

Mimi nilikuwa nyuma. Sikutazama migomba wala watu waliotupungia. Nilisikiliza nikisubiri kishindo kimoja, mlio mkavu mmoja tu, na kona zikapita moja baada ya nyingine. Himo binti aliingia barabara kuu, akaweka gia ya tatu, ya nne, kelele ikashuka. Kaka alikuwa amefumba macho.

"Zimevuta," akasema.

Alifariki kabla ya masika, nyumbani kwa binti yake, asubuhi, chupa ya mtori ikiwa haijafunguliwa. Tulimzika kihambani, shamba letu la ukoo, upande wa juu, karibu na kahawa za Baba. Zile konrodi za aluminiamu nilizikuta gereji kwenye gunia lake. Bado ziko pale. Sijui nizifanyie nini.

Gari linapeleka keki. Kila linapokuja kumwagwa oili, nakata filta kwa msumeno, naikunjua karatasi yake juani mlangoni, naitazama mkunjo kwa mkunjo kama kuna punje za chuma zinazong'aa. Binti husimama nyuma yangu. Mpaka sasa ni oili tu, nyeusi, na ninamwambia hivyo.